Maji, taka, taa: kulinganisha majibu ya wagombea wa wadi Mombasa kabla ya Agosti 2027

Tarehe 10 Agosti 2027 mpiga kura wa Mombasa atapewa karatasi sita. Ile ya Mwakilishi Wadi (MCA) ndiyo ambayo wengi wetu huijaza kwa haraka, kwa kuangalia chama au kwa kuwa mgombea ni mtoto wa mtaa. Ndiyo hiyo hiyo iliyo karibu zaidi na mfereji wa nyumbani, jaa la mtaani, taa ya kichochoroni na zahanati tunayompeleka mtoto akishikwa na homa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti huduma za maji na majitaka, uzoaji wa taka, taa za barabarani, masoko, barabara za kaunti, zahanati na vituo vya afya, na shule za chekechea. Kwa hivyo karibu kila tunalolilalamikia kibarazani jioni limo mikononi mwa kaunti, na fedha za kaunti hazipiti bila Bunge la Kaunti ambalo MCA wetu anaketi ndani yake.

Mombasa ina wadi 30, na kila wadi itakuwa na wagombea wake. Orodha rasmi bado haijatoka, kwa hivyo hapa silinganishi majina, nalinganisha majibu. Ukisikiliza mikutano ya mitaani kwa makini utaona kuwa ahadi zinazotolewa Kisauni, Likoni, Jomvu na Changamwe ni zile zile chache, zimevishwa tu maneno tofauti. Ukishajua kila jibu lina nguvu gani na kasoro gani, jina la mgombea utalipachika mwenyewe.

MCA ana uwezo gani hasa

Kazi za MCA kikatiba ni tatu: kutunga sheria za kaunti na kupitisha bajeti, kuwakilisha wadi, na kuisimamia serikali ya gavana. Hana hazina yake. Shilingi haitoki katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, na mradi hauwezi kupata fedha kama haumo katika mpango wa maendeleo wa mwaka na katika bajeti iliyopitishwa. Haajiri muuguzi wala mzoa taka. Kazi hiyo ni ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti na idara husika.

Kwa hiyo mgombea anaposema "nitawajengea", muulize atapitia mlango gani. Yule anayejibu, "Nitapigania mradi uingie katika mpango wa mwaka, kisha nitafuatilia katika kamati ya maji," ameonyesha kwamba anaijua kazi anayoiomba. Anayejibu, "Nyinyi nichagueni tu, mengine niachieni," hajaonyesha kitu.

Maji: majibu matatu

Hapa nitakawia, kwa sababu ndiko tunakoumia zaidi.

Maji matamu ya Mombasa karibu yote hutoka nje ya kaunti. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, na bomba lake lilijengwa miaka ya 1950, wakati mji ulikuwa mdogo sana kuliko huu wa leo. Baricho iko kando ya Mto Sabaki, Kaunti ya Kilifi. Marere na Tiwi ziko Kwale. Maji hayo huletwa na wakala wa kitaifa wa Pwani, CWWDA, kisha kampuni ya kaunti, MOWASSCO, huyanunua kwa jumla na kutusambazia. Mahitaji ya jiji hutajwa kuwa kama mita za ujazo 200,000 kwa siku, na yanayotufikia hayafiki nusu. Bwawa la Mwache, linalojengwa Kwale, linatarajiwa kutoa takriban mita za ujazo 186,000 kwa siku, lakini ni mradi wa serikali ya kitaifa. Mpango wa kusafisha maji ya bahari huko Likoni, uliozungumzwa tangu 2018, ni wa ngazi ya gavana na wawekezaji. Hakuna MCA anayeweza kuahidi lolote kati ya hayo mawili kama mali yake.

Kilichobaki ndicho wagombea wanachogawana, na majibu yao ni haya:

| | Mgombea wa visima | Mgombea wa mabomba na vioski | Mgombea wa maboza |
|---|---|---|---|
| Anachoahidi | Kisima, pampu na tangi kila mtaa | Kukarabati mabomba, mita, vioski vya kampuni | Maji ya bure kwa gari |
| Yatafika lini | Miezi kadhaa baada ya bajeti | Mwaka au zaidi | Wiki hii |
| Nani ataendesha | Kamati ya mtaa, mara nyingi haijaundwa | MOWASSCO | Mgombea mwenyewe, au mfadhili wake |
| Nani atalipa ukarabati | Hajasema | Wateja kupitia bei iliyoidhinishwa | Hakuna cha kukarabati |
| Hatari kubwa | Chumvi na uchafu wa vyoo | Mabomba mapya yenye ukame ndani | Huisha siku ya matokeo |

*Mgombea wa visima* ndiye anayeshangiliwa zaidi. Kisima huonekana, hupakwa rangi, hupewa kibao chenye jina. Tena si uongo kwamba kimesaidia watu: zipo nyumba nyingi za bara ya kaskazini ambazo zisingekuwa na maji ya kuogea wala kufulia bila kisima. Lakini tunakaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una matundu, maji hupita ndani yake kwa urahisi, na hiyo ina maana mbili. Kwanza, ukivuta maji mengi karibu na pwani, ya bahari huingia kujaza nafasi; ndiyo sababu kisima kilichoanza kwa maji matamu hugeuka chumvi baada ya miaka michache. Pili, sehemu kubwa ya jiji haina mabomba ya majitaka, watu hutumia vyoo vya shimo, na kinachotoka katika shimo la choo husafiri katika mwamba ule ule hadi kisimani. Mombasa imewahi kukumbwa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Hatuwezi kuendelea kuchimba kisima hatua chache kutoka chooni kisha tukaita maendeleo.

Basi mgombea wa visima aulizwe maswali manne. Je, eneo limepimwa na mtaalamu wa maji ya ardhini, na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kimepatikana au kitaombwa? Maji yatapimwa chumvi na vijidudu vya kinyesi mara ngapi kwa mwaka, na matokeo yatabandikwa wapi? Pampu itaendeshwa kwa stima au kwa sola, na bili ni ya nani? Pampu ikiungua, fedha za kununua nyingine ziko wapi? Visima vingi vya umma vilivyokufa mitaani kwetu havikufa kwa kukauka. Vilikufa kwa pampu moja, au kwa bili ya stima, au kwa ugomvi wa nani anashika ufunguo wa tangi.

*Mgombea wa mabomba* ana kazi ngumu ya kujieleza, kwa sababu anachoahidi kiko chini ya ardhi. Lakini msikilize. Ripoti za WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini, zimeonyesha katika miaka ya karibuni kuwa takriban asilimia 45 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji Kenya hayalipiwi: hupotea kwa mabomba yanayovuja, mita mbovu na maunganisho ya wizi. Katika jiji lisilopata hata nusu ya mahitaji yake, kuziba mivujo ni kupata maji mapya bila kusubiri bwawa. Kazi hiyo inaweza kufanyika wadi kwa wadi, na hapo sauti ya MCA ina uzito wa kweli, kwa sababu fedha ambazo kaunti huipa kampuni yake hupitia Bunge la Kaunti.

Tuhesabu kidogo. Familia inayotumia mitungi mitano ya lita 20 kwa siku, ikinunua kwa mwenye mkokoteni kwa shilingi 20 mtungi mmoja, hulipa shilingi 3,000 kwa mwezi kwa maji ya mita za ujazo tatu. Ni shilingi 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Bei ya mfereji iliyoidhinishwa na WASREB haikaribii hapo. Na mwezi wa ukame mkali mtungi huo huo hupanda zaidi. Yaani maskini wa Mwembelegeza au Bangladesh analipa maji kwa bei ambayo tajiri wa Nyali mwenye mita hajawahi kuiona kwenye bili. Mgombea anayepigania kioski cha kampuni chenye bei iliyoandikwa ukutani anamgusa maskini huyo mfukoni kila siku, hata kama hakukata utepe.

Ila mgombea huyu naye ana mtego wake. Bomba jipya si maji. Tumeona mitaa iliyochimbwa mitaro, mabomba yakalazwa, mita zikafungwa, kisha mfereji ukatoa upepo. Muulize: maji ya kujaza bomba hilo yatatoka kwenye laini gani, na ratiba ya mgao itakuwaje? Muulize pia kuhusu madeni. Kenya Power imewahi kukata umeme wa mitambo ya Baricho kwa sababu ya bili, na jiji zima likakauka. Deni kati ya kampuni ya kaunti, wakala wa Pwani na Kenya Power ni mnyororo. Mgombea asiyejua kuwa upo hataweza kulisemea jambo hili bungeni.

*Mgombea wa maboza* simlaumu kwa kuwapa watu maji. Mwenye kiu hawezi kuambiwa angoje bajeti. Ninachopinga ni kuligeuza boza kuwa hoja ya uchaguzi. Anayemwaga maji Julai 2027 na hakuonekana katika ukame wa 2025 au 2026 anajulikana anatafuta nini, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 imeharamisha kununua kura kwa namna yoyote. Maji yapokeeni. Kura ipimeni kwingine.

Hukumu yangu, kwa wadi zilizo tayari kwenye mtandao wa MOWASSCO, yaani kisiwani, Changamwe, Likoni mjini na sehemu kubwa ya Nyali: chagueni jibu la mabomba na vioski, mradi tu mgombea aweze kueleza maji yatatoka wapi. Kwa wadi kama Mwakirunge, ambako mitaa imetawanyika na bomba kuu liko mbali, kisima kilichopimwa vizuri chenye kamati inayojulikana ni jibu la haki kwa sasa. Na popote ulipo, ukimpata mgombea anayezungumzia maji na vyoo kwa pumzi moja, mpe alama ya ziada. Ibara ya 43 ya Katiba imeyaweka yote mawili, maji safi na usafi wa mazingira, kuwa haki, na kwenye mwamba wetu huwezi kulitatua moja ukaliacha jingine.

Taka: nani anazoa, nani anapeleka

Jaa la Kibarani, lile lililokuwa likimpokea kila mgeni aingiaye kisiwani, lilifungwa na mahali pake pakapandwa miti. Hilo lilikuwa jambo jema na linastahili kusifiwa. Lakini taka hazikuisha, zilihamishiwa Mwakirunge, na safari ya gari la taka ikawa ndefu. Tangu hapo tatizo la mitaa mingi ni pengo lililo kati ya mlango wa nyumba na lori. Vijana wenye mikokoteni huzoa kwa malipo, hupeleka kwenye kona fulani, lori la kaunti lichelewe siku kadhaa, na kona inageuka jaa jipya kando ya madrasa au soko.

Wagombea hapa wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja husema, "Nitaleta malori zaidi." Wa pili husema, "Nitawaunganisha vijana wa mitaa, wapewe vibali na maeneo, walipwe na nyumba wanazozihudumia, kaunti ibaki na kazi ya kusafirisha." Mimi naegemea upande wa pili, kwa sababu lori haliingii katika kichochoro cha Majengo wala Ziwa la Ng'ombe, na vikundi vya vijana tayari vipo na vinafanya kazi. Lakini jibu hili likisimama peke yake ni nusu. Bila ratiba ya lori iliyoandikwa na kufuatiliwa, vijana watakuwa wanahamisha uchafu kutoka mlango wako kwenda mlango wa jirani.

Kuna swali moja linalowatenganisha haraka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe nyumbani, za kuoza mbali na zisizooza, na inaziwekea kaunti wajibu wa kujenga mahali pa kuzichambulia. Muulize mgombea wako eneo hilo litakuwa wapi katika wadi. Atakayetaja kiwanja, hata kama mtabishana naye, amefikiri. Atakayesema litakuwa "mahali pazuri" anaogopa kupoteza kura za upande mmoja wa mtaa, na woga huo huo atauingia nao bungeni.

Ahadi ya ajira kwa vijana wa usafi ipimwe kwa utulivu. Ni kazi ya heshima na vijana wetu wanaihitaji. Lakini mkataba wa miezi mitatu unaogawiwa kwa waliopiga kampeni hauwezi kuitwa huduma ya usafi, na ukikatika Januari, mitaro hujaa kabla ya mvua za Aprili.

Taa

Mulika mwizi au taa za nguzo fupi? Ndio ubishi wa kila kampeni. Mulika mwizi, ule mlingoti mrefu, huangaza uwanja, stendi ya matatu au soko. Kwenye vichochoro vya nyumba zilizobanana huangaza mapaa, na chini hubaki giza lile lile ambalo mama anayerudi kutoka kazi ya hotelini usiku analiogopa. Kwa mtaa wa vichochoro, taa fupi nyingi zinafaa kuliko mlingoti mmoja. Kwa Kongowea au stendi, mlingoti una maana.

Jambo ambalo wagombea hulikwepa ni bili. Taa za barabarani huchoma stima inayolipwa na kaunti. Februari 2025 taifa zima liliona Kenya Power na Kaunti ya Nairobi wakikatiana huduma kwa sababu ya madeni, hadi taka zikamwagwa mbele ya makao makuu ya Kenya Power. Kaunti isipolipa, taa huzimwa, na mlingoti husimama pale kama ukumbusho wa mkandarasi. Anayeahidi taa za sola amekwepa bili hiyo, lakini betri huchakaa na huibwa. Aeleze nani atabadilisha. Na kwa mgombea yeyote: kabla ya kuahidi taa mpya, je, anajua ni ngapi zilizopo katika wadi hazifanyi kazi? Kutembea usiku mmoja na daftari kungemtosha.

Zahanati: jengo au muuguzi

Mgombea mmoja anataka kujenga zahanati mpya. Mwingine anasema iliyopo haijawa na dawa za kutosha, ipewe wauguzi na ifunguliwe hadi usiku. Hili halinichukui muda mrefu: naenda na wa pili, isipokuwa pale ambapo mgonjwa analazimika kusafiri mbali sana. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimeonyesha mara kwa mara, katika kaunti mbalimbali, majengo ya afya yaliyokamilika yakakaa bila wafanyakazi wala vifaa.

Kuna sheria mbili za 2023 ambazo mgombea wa jibu la pili anapaswa kuzijua. Moja inaruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia hapo hapo kwa uboreshaji. Nyingine inahusu afya ya msingi. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huduma za zahanati na vituo vya afya zinatakiwa kulipwa na mfuko wa afya ya msingi, mgonjwa asitozwe. Kama zahanati yenu bado inawatuma watu duka la dawa kila mara, basi kuna fedha ambazo hazijafika au zimefika na hazikuonekana. Kuuliza zilipo ni kazi ya MCA hasa, na haihitaji hata mfuko mmoja wa simiti.

Ahadi zisizo zake

Haya yapite haraka. Feri ya Likoni ni ya serikali ya kitaifa. Barabara kuu na ile ya Dongo Kundu ni za KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, na nyingine kadhaa za mjini ni za KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini. Kupotea kwa stima nyumbani ni suala la Kenya Power. MCA anaweza kulalamika kwa niaba yenu, na alalamike kwa sauti, lakini akiweka feri mpya katika ilani yake anawaambia kuwa hakusoma mgawanyo wa kazi, au anatumai nyinyi hamkuusoma.

Basari zina utata wake. Mapema 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali ya kitaifa kabla ya kutumia fedha kwa basari za sekondari na vyuo, kwa kuwa elimu hiyo si kazi ya kaunti, na suala likafika mahakamani. Basari zimeokoa watoto wengi, sitazibeza. Lakini mgombea ambaye ilani yake nzima ni basari anaacha maji, taka na afya, ambavyo ni vya kaunti bila ubishi, vikiwa yatima.

Siku mia moja za kwanza

Kuna ahadi moja ambayo ukiisikia unaweza kuipima papo hapo: "Ndani ya siku mia moja mtaona mradi." Angalia kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Bajeti ya 2027/28 itakuwa imepitishwa na bunge linaloondoka kabla ya Juni 30, 2027. MCA mpya ataapishwa akute fedha tayari zimegawanywa. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hutakiwa kuwasilishwa bungeni kufikia Septemba 1, wiki chache baada ya uchaguzi, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, 2028. Yaani mradi wa kwanza ambao kweli ni wake utaanza kupata fedha Julai 2028, labda kitu kidogo kipenyezwe kupitia bajeti ya ziada.

Lakini kuna fursa kubwa ndani ya kalenda hiyo hiyo. Mpango wa kaunti wa miaka mitano unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata utaandikwa pale pale baada ya uchaguzi, na utaamua kwa miaka mitano bomba gani litalazwa na zahanati gani itapandishwa daraja. Kwa hiyo mgombea bora wa 2027 ni yule anayekuja na orodha ya wadi tayari mkononi, ya mambo matatu au manne yaliyokubaliwa na wakazi, ili aingie nayo kwenye meza hiyo mapema. Anayesubiri ashinde ndipo "atuite tukae chini" atakuta wadi nyingine zimeshaketi.

Mgombea anayetetea kiti, na mgombea mpya

Anayetetea kiti ana rekodi, isomeni. Bunge la Kaunti huweka kumbukumbu za mijadala. Angalia alizungumza nini kuhusu maji, alileta hoja gani, alikuwa kamati ipi. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti za kila robo mwaka kuhusu kila kaunti, na ndani yake utaona kiasi gani cha fedha za maendeleo kilitumika na kiasi gani kilibaki karatasini. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa serikali. Kikundi cha akina mama, kamati ya msikiti au chama cha bodaboda kinaweza kuandika barua moja kwa karani wa bunge na kuomba orodha ya miradi ya wadi iliyotengewa fedha tangu 2022. Ikisomwa hadharani mbele ya mgombea, mazungumzo hubadilika.

Mgombea mpya hana rekodi hiyo, lakini ana maisha. Je, aliwahi kuhudhuria kikao cha kutoa maoni ya bajeti? Vikao hivyo huhudhuriwa na watu wachache mno, na anayetaka kuchaguliwa alipaswa kuwa mmoja wao.

Halafu kuna hoja ya chama: "Mimi ni wa chama cha gavana, miradi itakuja." Ina ukweli wake, mlango wa gavana hufunguka haraka kwa wa kwake. Lakini bunge lina kazi ya kumsimamia huyo gavana. Nikilinganisha wawili walio sawa kwa mengine, huuliza kila mmoja angependa kuketi kamati gani. Anayetaja kamati ya bajeti, ya maji au ya hesabu za umma, na akaeleza sababu, ndiye ninayemwamini zaidi, awe wa chama chochote.

Na wakibaki wawili ambao bado huwezi kuwatenganisha, waulize mbele ya watu swali hili la mwisho: WASREB ikiidhinisha bei ya maji ipande kidogo ili mabomba ya wadi yakarabatiwe, utasimama upande gani, na utatueleza vipi? Mmoja ataahidi maji ya bure. Mwingine atavuta pumzi, aseme bei inaweza kupanda kwa wenye mita na mifereji ya ndani, lakini kioski cha maskini kibaki pale pale, na atatuletea hesabu ya kila shilingi iliyokusanywa. Huyo wa pili ndiye nitakayempigia kura.